Kuongoza timu ya UX inayomtanguliza mtumiaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeongoza wabunifu wa programu za simu hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kazi nyingi zimekuwa za fedha: kutuma, kukopa, kuweka akiba. Maswali haya huletwa na viongozi wapya wa timu, na mabosi wao, na pia wabunifu wanaotaka kujua kiongozi wao anafanya nini kutwa nzima. Nimeyaacha katika mpangilio unaofanana na jinsi yanavyokuja.

UX ni nini? Si ndiyo kuchora skrini?

UX ni kifupi cha "user experience", yaani yote anayoyapitia mtumiaji na huduma. Skrini ni kipande tu. Don Norman, mtaalamu wa ubunifu wa Marekani, alipokuwa Apple mwaka 1993 alijipa cheo chenye maneno hayo ya "user experience" kwa sababu aliona yaliyokuwepo ni finyu. Alitaka neno litakalogusa umbo la kifaa, michoro, skrini na hata kijitabu cha maelezo.

Chukua mtu anayemtumia mama yake shilingi 20,000 Songea. Programu inaweza kuwa safi kama kioo, lakini mama akifika kwa wakala na kukuta hakuna fedha taslimu, au akaambiwa asubiri mwenye kibanda arudi kutoka kuswali, kwake huduma ni mbovu. Hatasema "programu ilikuwa nzuri ila wakala". Atasema "ule mtandao unasumbua". Timu inayochora skrini tu haitawahi kuisikia sentensi hiyo.

"Kumtanguliza mtumiaji" si maneno ya kupamba mawasilisho?

Mara nyingi ni hivyo. Ila kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 kuchukua nafasi ya kile cha 1999 na kurekebishwa 2019. Kinataka uwajue kwa uwazi watumiaji, shughuli zao na mazingira yao. Kinataka wahusishwe mwanzo hadi mwisho, tathmini zao ziongoze maamuzi, kazi irudiwe kila inapobidi, uangalie mambo yote wanayoyapitia, na timu iwe na watu wa fani mbalimbali.

Siwaambii viongozi wapya wakariri kiwango hicho. Nawaambia wachukue sharti moja, la tathmini kuongoza maamuzi, kisha waulize: ni lini mara ya mwisho tulibadilisha kitu kwa sababu tulimwona mtu akikwama? Ukikosa jibu, hayo masharti mengine ni mapambo kweli.

Kuna mfano wa Afrika Mashariki, au tutaendelea kusikia habari za California?

Upo, na uko mfukoni mwako. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005, Safaricom na Vodafone zikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa dogo: wakopaji walipe marejesho kwa simu. Waliopewa huduma hiyo wakafanya yao. Walitumiana fedha. Wengine waliziweka kabla ya safari wakazitoa walikofika. Wenye biashara walilaza humo mauzo ya jioni kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafunga.

Kiongozi mwingine angeyaita matumizi mabaya na kuagiza yazibwe. Hao waliyatazama. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani, na marejesho ya mikopo yakasogea pembeni. Mwaka uliofuata ilikuwa imeingia Tanzania kupitia Vodacom. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushindi wa teknolojia. Mimi naisimulia kwa ajili ya yule aliyekubali, katikati ya mradi wenye bajeti na wafadhili, kwamba walichokiona kina uzito kuliko walichokiandika.

Kama kiongozi hachori, anafanya nini?

Anachora kidogo, hasa mwanzoni, ili mkono usife ganzi. Lakini kazi yake kubwa ni kuhakikisha walichokiona vijana mtaani kinafika kwenye kikao cha maamuzi kikiwa bado hai. Huwa kinafia njiani. Mtafiti anaona, anaandika ripoti ya kurasa 40, ripoti inafupishwa kuwa slaidi, slaidi inakuwa nukta moja, na mkurugenzi anaisoma nukta hiyo akiwa kwenye gari.

Dawa yangu haina ufundi: nawapeleka wenye maamuzi kibandani kwa wakala.

Nani hasa aende kwa watumiaji? Si kazi ya mtafiti?

Waende wote. Mbunifu, mhandisi, mtu wa masoko, mwanasheria akikubali. Jared Spool, mtafiti wa utumiaji wa Marekani, amekuwa akipendekeza kila mwanatimu awatazame watumiaji kwa angalau saa 2 kila wiki 6. Kiasi hicho kinawezekana hata kwa ofisi yenye haraka.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunzia. Tulikuwa tunatengeneza programu ya akiba kwa vikundi vya VICOBA, vile ambavyo wanachama huweka akiba na kukopeshana. Tulikaa ofisini wiki sita, tukachora mtiririko safi kabisa: mwanachama anaomba mkopo, mweka hazina anabonyeza "Kubali", fedha inatoka. Tulijisifu kwamba tumepunguza hatua. Tukaupeleka mtiririko huo Mbagala, kwenye kikundi cha akina mama, tukawaonyesha. Kimya. Kisha mama mmoja akainuka, akavuta kasha la chuma lililokuwa chini ya meza, akaliweka mbele yetu. Lina kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na wala mwenyekiti si mmoja wao. Akauliza, "Sasa wanangu, funguo zetu tatu mmeziweka wapi?"

Sisi tuliona urahisi. Wao waliona mtu mmoja akilala na fedha za watu thelathini. Hatua tulizozifuta ndizo zilizokuwa zinalinda urafiki wao.

Mhandisi wetu alikuwepo siku hiyo. Tuliporudi ofisini sikulazimika kuandika ripoti wala kumbembeleza mtu. Ndani ya daladala alikuwa ameshaanza kuchora nyuma ya risiti jinsi namba tatu za siri zitakavyofanya kazi, na nini kitokee mwenye ufunguo mmoja akisafiri. Angekuwa ameisoma habari ile kwenye barua pepe, ningeambiwa "tutaliweka toleo lijalo".

Tujaribu na watu wangapi?

Jibu maarufu ni watu 5. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba idadi hiyo inatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji. Watu hunukuu mstari huo na kuacha uliobaki. Hesabu yake inachukulia kwamba kila mshiriki anafichua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, na ushauri wenyewe ulikuwa kwamba ukiwa na bajeti ya watu 15, uwagawe katika raundi tatu za watu 5 huku ukirekebisha kila baada ya raundi.

Pia hao 5 wawe wa aina moja. Wanafunzi watano wa Mlimani hawawezi kumsemea mvuvi wa Mwanza. Ukiwa na makundi mawili yanayotofautiana, kila kundi lipate watu wake.

Kila tunayemuuliza anasema "iko vizuri". Tufanyeje?

Karibu nyumbani. Kijana wa miaka 24 anamwendea mzee, anamwamkia shikamoo, anaketi, anamwonyesha kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, kisha anamuuliza, "Unaionaje?" Unategemea mzee amwambie ni mbaya? Hata kikombe cha chai chenye chumvi angekimaliza. Adabu yetu ni nzuri kwa kuishi na mbaya kwa utafiti, kwa hiyo tumeacha kuuliza maswali ya kuomba sifa.

Tunampa mtu simu na shughuli: "Mlipie mdogo wako umeme." Kisha tunanyamaza. Kunyamaza ni sehemu ngumu kuliko zote, na vijana wangu wengi hushindwa mara tatu za kwanza. Kidole kikisita juu ya skrini, usisaidie. Hapo ndipo penye kazi. Akimaliza, muulize angemwelekezaje jirani yake. Watu husema matatizo ya jirani kwa uhuru mkubwa kuliko yao: "Yule hapa angepotea kabisa." Andika.

Jambo jingine: asiyeichora ndiye aongoze mazungumzo. Na useme wazi kwamba si wewe uliyeichora.

Ndani ya timu nako hawanipingi. Nikisema rangi iwe nyekundu, inakuwa nyekundu.

Ugonjwa ni uleule, umehamia ofisini tu. Kwetu mkubwa akishasema, mdogo anamezea. Wananiita "dada", na hilo halijapunguza uzito wa neno langu hata kidogo.

Kilichosaidia ni utaratibu, maana hotuba za "jisikieni huru" hazikufua dafu. Kwenye kikao cha kukosoa kazi, mwenye kazi anaanza kwa kusema anamtengenezea nani, mtu huyo anataka kufanya nini, na amekwama wapi. Kila mtu anaandika maoni yake kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla mdomo wowote haujafunguka. Yanasomwa kuanzia kwa mgeni wa timu. Mimi nasema mwisho, na siku nyingine sisemi. Marufuku "mimi sipendi". Ruhusa "yule mama wa Mbagala hataiona hapa". Ukosoaji unapopitia kwa mtumiaji, haumchomi aliyechora, na wala hauhitaji ujasiri wa kumpinga bosi.

Wakati fulani niliharibu. Nilimkosoa kijana mbele ya mteja, kwa haraka, nikidhani naokoa kikao. Alikuwa sahihi, kumbe, na miezi miwili iliyofuata hakuchangia neno. Niliomba radhi faraghani kwa kosa nililolifanya hadharani, jambo ambalo sasa naliona lilikuwa nusu ya radhi.

Kiswahili cha skrini: tutafsiri kutoka Kiingereza baadaye?

Usithubutu. Andikeni Kiswahili mwanzo, skrini ikiwa bado tupu, kwa sababu lugha hubadilisha hata muundo.

Chukua saa. Tulitengeneza programu ya miadi ya kliniki, na mtu mwenye miadi ya saa mbili asubuhi alichagua 2:00. Mfumo ukamwandikia saa nane usiku. Hakukosea yeye, tulikosea sisi kumletea saa inayohesabu kuanzia usiku wa manane wakati yeye anahesabu tangu jua linapochomoza. Sasa hatuonyeshi tarakimu peke yake. Tunaweka "asubuhi", "mchana", "jioni", "usiku", na kabla ya kuthibitisha tunaandika kwa maneno.

Au chukua swali la kukanusha: "Hutaki kuendelea na muamala huu?" lenye vitufe vya "Ndiyo" na "Hapana". Mswahili akijibu "ndiyo" anakubaliana na kauli: ndiyo, sitaki. Aliyezoea programu za Kiingereza anabonyeza "Hapana" kwa maana hiyohiyo. Wawili hao wana nia moja, wamebonyeza vitufe viwili, na mmoja wao fedha yake imeondoka. Kitufe kiseme kitendo: "Tuma 20,000" na "Usitume".

Kisha kuna mipaka. Tanzania ni "namba", Kenya wengi watasoma "nambari". "Simu janja" huku, "simu erevu" kule kwa baadhi. Lubumbashi na Goma, kule Kongo, wana Kiswahili chao, na ukiwapelekea cha Dar bila kuwauliza watakielewa kama tunavyoielewa taarifa ya habari: yote, ila si ya nyumbani. Ukienda huko, ajiri mwandishi wa huko.

Watumiaji wetu wengi wana kitochi. Kuna UX gani kwenye USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na namba?

Kuna nyingi kuliko kwenye simu janja, kwa sababu hakuna rangi wala picha ya kujifichia. Ukurasa mmoja wa USSD hubeba herufi 182, nafasi na alama zote zikihesabiwa, na maneno yetu ni marefu. Ukichelewa kujibu, mtandao unakata na unaanza upya kutoka juu. Kwa hiyo mpangilio wa menyu ndio ubunifu wenyewe: kinachotumika kila siku kikae namba 1, na kisihamishwe hata siku moja. Watu hawasomi menyu; wanaimba namba. "Moja, moja, namba ya simu, kiasi." Ukibadilisha mpangilio ili kupisha huduma mpya ya bosi, umewavurugia wimbo, na fedha zitaenda pasipopaswa.

Kumbuka pia kwamba simu ya kitochi mara nyingi inashikwa na watu wawili. Bibi anampa mjukuu amsomee, na namba ya siri inasemwa kwa sauti. Wengi hulizungumzia hilo kama uzembe wa bibi. Mimi nalichukulia kama sharti la kazi: jina la mpokeaji na kiasi vitangulie, namba ya siri ije mwisho kabisa, ukurasa wake ukiwa hauna kingine cha kusoma, ili bibi aichukue simu na kumaliza mwenyewe.

Na rangi?

Maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake, kama unavyotaka WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, hata wenye ulemavu. Halafu toka nje saa saba mchana, jua la Kariakoo likiwaka, na simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka. Kijivu chako cha kupendeza kimepotea.

Bosi anasema hakuna muda wala fedha za utafiti.

Usimwombe utafiti. Neno hilo linamfanya aone miezi mitatu na mshauri mwenye tai. Nenda huduma kwa wateja, kaa nao nusu siku, sikiliza simu zinazoingia. Andika sababu kumi zinazojirudia. Muulize mhasibu kila simu inaigharimu kampuni kiasi gani. Hesabu hiyo huwa wanayo. Kisha chagua tatizo moja, mpeleke bosi kwa wakala wa jirani kwa saa moja wakati wa mapumziko ya mchana, na mwache aone mtu akilihangaikia.

Kuna wakati haitatosha, na itabidi uzindue kitu unachojua kina kasoro. Andika kasoro hiyo, weka tarehe ya kuirudia, na iambie timu ukweli. Vijana huvumilia uamuzi mbaya kuliko uamuzi mbaya unaoitwa mzuri.

Tuwalipe washiriki? Na sheria inasemaje?

Lipa. Mama ntilie aliyekupa saa nzima ameacha sufuria. Nauli, na kitu cha muda wake, kwa fedha au bando, kitajwe mwanzoni na kitolewe hata akiamua kuondoka katikati.

Kuhusu taarifa zao, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa, aelezwe rekodi itakaa wapi na itafutwa lini. Na tafadhali, acheni kurusha video za washiriki kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Nimeiona mara nyingi mno.

Nipime vipi kama tunafanikiwa?

Hesabu waliomaliza walichokuja kufanya, waliokosea na kurudi nyuma, na waliopiga simu kuomba msaada. Dodoso la SUS (System Usability Scale), linalopima urahisi wa kutumia, la John Brooke la mwaka 1986 bado ni zuri, lina sentensi 10 na alama 68 huchukuliwa kuwa ya wastani, ila jihadhari nalo kwetu. Nusu ya sentensi zinasifu na nusu zinaponda. Mtu mwenye adabu anayejibu "nakubali kabisa" kote anapata 50 kamili, na ukiziona 50 nyingi usikimbilie kulaumu bidhaa. Sikiliza kwanza jinsi maswali yalivyosomwa.

Akili mnemba inaweza kuigiza mtumiaji, tuokoe nauli?

Itakusaidia kupanga maandishi ya mahojiano na kutafuta makosa ya tahajia. Haina kasha chini ya meza.

Naajiri mbunifu. Nitazame nini?

Simulizi za kazi zilizopambwa zote zinafanana siku hizi: tatizo, karatasi za njano ukutani, suluhisho. Mwombe akueleze kitu alichokuwa na hakika nacho kikamshinda mbele ya mtumiaji. Kisha mpeleke kwa wakala mkanywe soda, umwone anavyomsalimu mtu na anavyosikiliza. Nimewahi kumwajiri binti ambaye michoro yake ilikuwa ya kawaida sana kwa sababu alimwachia muuza vocha amalize kuhudumia wateja watatu kabla ya kumuuliza lolote. Kuchora tulimfundisha.

Tukimaliza, turudi kwa watu tuliowahoji?

Rudini. Wengi hawarudi, ndiyo maana mitaa mingine imechoka kuulizwa maswali. Sisi tulirudi Mbagala na toleo lenye namba tatu za siri. Walilijaribu kwa mkopo wa kweli, wenye funguo watatu wakibonyeza mmoja baada ya mwingine huku wengine wakihesabu kwa sauti. Ilifanya kazi. Yule mama wa kasha akaichukua simu, akaisogeza mbali kidogo ili asome, akasema neno "idhinisha" ni la serikalini. Kwao mtu anafungua. Tukaandika "Fungua".